Dada muuzaji, kijana wa bodaboda na mkataba ambao haupo

Haya wasomaji wangu, nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Msinilaumu. Kazi ya gazeti ikikubana inakubana kweli, na mhariri wangu hajui kitu kinachoitwa wikiendi. Leo nimeiba saa mbili ili niwaletee jambo ambalo limekuwa likinizunguka kichwani tangu Jumamosi moja niliyokwenda kumsalimia dada yangu, Sinza.

Dada yangu anauza viatu vya kike mtandaoni. Hana duka. Ana simu, ana chumba kimoja kilichojaa maboksi, na ana akaunti ya Instagram yenye wafuasi wa kutosha. Asubuhi anakwenda Kariakoo, mchana anapiga picha, jioni anajibu wale wa "bei gani dada?" na wale wa "nitakucheki". Mzigo anaupeleka kijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani, na mteja analipa akiupokea.

Jumamosi ile nilikuta ugomvi mlangoni. Kijana alikuwa ametoka Goba. Amefika kwa mteja, amepiga simu, ameambiwa "nakuja, nipo njiani". Amesubiri nusu saa juani. Simu ikazimwa. Karudi na boksi lake.

"Dada, mafuta si maji. Nipe angalau ya kwenda."

"Kaka yangu, mzigo haujafika, mimi nakulipa kwa lipi? Na mimi sijauza!"

Nilisimama katikati yao na soda yangu mkononi, nikagundua jambo la ajabu: wote wawili walikuwa na haki. Dada hakuuza. Kijana alikwenda. Mwenye kosa alikuwa Goba, simu kaizima, pengine anaangalia tamthilia.

Ukiuliza mjini humu kwa nini biashara ya mtandaoni ina kelele nyingi hivi, utapewa majibu matatu. Wauzaji watakwambia bodaboda ni wezi na waongo. Bodaboda watakwambia wauzaji wana dharau. Wateja watakwambia wote ni wasanii. Yaani kila mtu anazungumzia tabia ya mwenzake. Mimi naomba nipingane na wote. Tatizo letu kubwa si tabia. Tatizo ni mkataba. Na nikisema mkataba simaanishi karatasi yenye mhuri wa wakili. Namaanisha jibu la swali moja dogo: mambo yakiharibika, nani anaumia, na anaumia kiasi gani?

Chuoni nilisoma somo moja la uchumi, na mwalimu wetu alipenda sana kitu kinaitwa nadharia ya michezo. Mchezo hapa si mpira wala rede. Fikiria bao. Kwenye bao huchezi kete zako kana kwamba uko peke yako. Unajiuliza, nikicheza hapa, yeye atanijibu wapi? Mwaka 1950 Mmarekani mmoja, John Nash, alionyesha kwa hesabu kwamba katika michezo ya namna hii kuna mahali ambapo kila mchezaji amekaa na hawezi kujinufaisha kwa kubadilisha mwendo wake peke yake. Mwaka 1994 akapewa tuzo ya Nobel. Lakini sikilizeni vizuri: mahali hapo pa kutulia si lazima pawe pazuri. Watu wanaweza kutulia matopeni, kila mmoja akisubiri mwenzake atoke kwanza.

Sasa tuwaweke dada na kijana kwenye ubao. Hesabu hizi ni za mfano, lakini hazipo mbali na hali halisi. Tuseme kiatu kimenunuliwa Kariakoo shilingi 18,000 na kinauzwa 30,000. Faida 12,000. Nauli ya kupelekewa ni 5,000, analipa mteja mlangoni, na yote ni ya kijana. Kila safari inamla kijana 3,000 za mafuta na uchakavu. Sharti lao halijaandikwa popote, ila wote wanalijua: mzigo usipopokelewa, hakuna malipo.

Dada akituma mizigo kumi na sita ikapokelewa, anapata 72,000. Kijana anapata nauli sita, yaani 30,000. Lakini ametumia 30,000 kwenda safari kumi. Amebaki na nini? Sifuri! Ameshinda juani siku nzima kumfanyia kazi mmiliki wa kituo cha mafuta.

Je, wewe ungekuwa yeye ungefanyaje? Usijibu kama mtakatifu, jibu kama mtu mwenye kodi ya chumba. Ungeanza kuchagua. Mzigo wa Mwenge unauwahi, wa Chanika unauacha mpaka kesho. Ungepiga simu mara moja ukiwa bado kijiweni, kisha useme "hapokei". Au ungefika mlangoni ukamwambia mteja nauli ni 7,000, ufidie ile safari ya jana iliyokufa. Haya ndiyo mambo tunayoyaita tabia mbaya ya bodaboda.

Na dada naye? Mzigo ukirudi, kiatu chake kiko salama ndani ya boksi. Hajapoteza shilingi. Kwa hiyo kwa nini ajisumbue kumpigia mteja kuhakikisha? Anatuma tu, hata kwa yule aliyesema "niletee nikione kwanza". Uzembe wake unalipwa na tangi la mwenzake. Na hili nalo tunaliita dharau.

Kumbe kila mmoja anacheza vizuri kete yake, na wote wanapoteza mchezo.

Mtu atasema basi ni rahisi, dada alipe 5,000 kila safari, mzigo upokelewe usipokelewe. Hapana. Hapo umehamisha jiwe kutoka kichwa kimoja kwenda kingine. Kijana mwenye uhakika wa 5,000 zake ana sababu gani ya kumtafuta mteja kwenye vichochoro vya Mbezi? Atafika kwenye kona, atapiga simu moja, atageuza. Safari hii dada ndiye atakayelia.

Nalijua hili kwa sababu nami nimewahi kuwa bodaboda. Sina maana ya pikipiki. Nilipoanza uandishi nilikuwa korespondenti wa gazeti moja nisilolitaja. Tulilipwa kwa habari iliyochapishwa, si kwa habari uliyoifuata. Ukienda Kibaha kwa nauli yako, ukashinda huko na njaa, mhariri akasema ukurasa umejaa, imekula kwako. Unajua nilifanya nini baada ya miezi miwili? Nikaacha kwenda. Nikawa nasubiri mikutano ya waandishi ya mjini, yenye uhakika wa kuchapishwa, na habari za mbali nazichukua kwa simu. Mhariri akalalamika kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Sikuwa mvivu. Nilikuwa nimepiga hesabu. Hadi leo nikisikia mtu anamwita bodaboda mwongo, nafsi inanisuta kabla sijamjibu.

Msidhani haya ni mambo ya maskini wa Sinza. Juni 2017, kule China, Cainiao, kampuni ya usafirishaji iliyo chini ya Alibaba, iligombana na SF Express, moja ya kampuni kubwa za kusambaza mizigo nchini humo. Ugomvi ulikuwa juu ya taarifa za wateja na mizigo: nani azione, nani azimiliki. Wakakatiana mawasiliano ya mitambo yao, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyeanza. Wauzaji na wateja wakabaki wanahangaika na mizigo yao mpaka idara ya serikali inayosimamia posta ilipoingilia kati, na Juni 3 wakaunganisha tena. Matajiri wenye wanasheria wa kila rangi, na bado waligombana kama dada yangu na kijana wa kijiweni. Ni kwa sababu mchezo wao ulikuwa uleule: mmoja ana wateja, mwingine ana magari, na hakuna anayeweza kuishi bila mwenzake.

Huko huko China, JD.com ilichagua njia nyingine. Tangu mwaka 2007 ilianza kujenga mtandao wake yenyewe wa maghala na wasambazaji. Yaani kama hamwelewani, mwajiri. Na dada zetu wengi wanaota hivyo hivyo: "Nikipata mtaji nitanunua pikipiki yangu, nipumzike na hawa watu."

Dada, hutapumzika! Utakuwa umehama mchezo mmoja na kuingia mwingine, wa tajiri na dereva. Na hapa ndipo nataka kuwapeleka kijiweni, kwa sababu bodaboda wa nchi hii wanaijua nadharia ya mikataba kuliko sisi tulioisoma darasani.

Kijiweni kuna pikipiki za aina mbili kwa watu wasio na zao. Kuna ya hesabu: kila jioni unampelekea tajiri kiasi mlichokubaliana, na pikipiki inabaki yake daima. Na kuna ya mkataba: unapeleka hesabu kwa muda mliopatana, ukimaliza chombo kinakuwa chako. Nenda kijiwe chochote uwaulize ipi inatunzwa. Watakucheka. Ya mkataba inabadilishwa oili kwa wakati, haipitishwi kwenye madimbwi kwa fujo, usiku inalala ndani. Ya hesabu, kila mtu anajua mwenyewe. Kijana ni yuleyule, barabara ni ileile, pikipiki hata aina ni moja. Kilichobadilika ni nani atakayeumia ikiharibika kesho. Mwaka 2016 maprofesa wawili, Oliver Hart na Bengt Holmström, walipewa Nobel kwa kazi yao juu ya mikataba, na sehemu kubwa ya kazi ya Holmström ilihusu swali hilihili: utamlipaje mtu ambaye huwezi kumwona akifanya kazi? Sisi jibu tumekuwa nalo kijiweni miaka yote.

Basi tulichukue jibu hilo tulipeleke Sinza. Tuseme dada anamlipa kijana 3,000 kwa kila safari aliyokwenda kweli, mzigo upokelewe usipokelewe. Hizo ni za mafuta, asilale na deni. Kisha anamwongezea 3,000 kwa kila mzigo uliopokelewa. Mteja anaendelea kulipa nauli ya 5,000, sasa inaingia kwa dada.

Piga hesabu. Mzigo ukipokelewa, dada anapokea 12,000 ya faida na 5,000 ya nauli, anatoa 6,000, anabaki na 11,000. Ukirudi, anapoteza 3,000. Mizigo kumi, sita ikipokelewa, anabaki na 54,000 tu. Kapungukiwa! Na ndivyo inavyotakiwa, maana sasa uzembe wa kutotuliza oda unamgusa mfukoni. Atampigia mteja kabla ya kumtuma kijana. Kijana naye, ile 3,000 ya pili haiji mpaka apatikane mteja, kwa hiyo ataulizia nyumba kwa mama ntilie na kwa muuza genge mpaka aipate.

Tuseme kwa juhudi za wote wawili mizigo minane inapokelewa. Dada: nane mara 11,000 ni 88,000, toa 6,000 za mizigo miwili iliyorudi, anabaki na 82,000. Kijana: 30,000 za safari na 24,000 za mafanikio, toa mafuta 30,000, anabaki na 24,000. Zamani walikuwa na 72,000 na sifuri. Sasa wana 82,000 na 24,000. Hakuna aliyeongezewa mtaji, hakuna aliyehubiriwa uaminifu. Wamebadilisha tu nani anaumia lini.

Sitaki kuwadanganya. Ikifika mizigo saba tu, dada anabaki na 68,000, pungufu ya zile 72,000 za zamani. Kwa hiyo mwanzoni anaweza kuona ameibiwa. Lakini zile 72,000 hazikuwa na miguu. Zilisimama juu ya mgongo wa kijana anayepata sifuri, na mtu wa sifuri hadumu. Ama ataondoka, ama ataondoka na boksi.

Amazon wenyewe mwaka 2018, walipoanzisha mpango wa kutumia kampuni ndogo ndogo kusambaza mizigo yao, waliweka malipo kwa mafungu: fungu lisilobadilika, fungu la njia, na fungu la mizigo iliyofikishwa. Wanabanana nao kwa mengine mengi, sisemi ni malaika. Ila hawakuwaambia "usipofikisha hupati kitu".

Yuko mchezaji wa tatu tumemsahau. Yule wa Goba. Yeye hajaweka kitu mezani, ndiyo maana anaweza kuzima simu na kulala usingizi. Lakini mwambie alipe kiatu chote mapema, naye atakumbuka ile nguo aliyolipia mwaka jana ikaja tambara. Ana haki. Mimi nasema atume nauli tu, 5,000, kabla pikipiki haijawashwa. Bei ya kiatu ailipe akikiona. Anayekusudia kununua hatashindwa. Asiyekusudia ataishia hapo, na hasara imekwisha kabla haijaanza. Hapo wote watatu wana kitu kidogo cha kupoteza, na hapo ndipo heshima inapoanzia.

Nasikia wengine mnasema: "Mkataba bila mahakama ni maneno." Kisheria, makubaliano ya mdomo nayo yanaweza kuwa mkataba, na tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inayoyatambua makubaliano ya njia ya ujumbe. Lakini nani ataenda mahakamani kwa ajili ya 3,000? Nauli ya kwenda kusikiliza kesi ni kubwa kuliko kesi. Ndiyo maana mkataba wa watu wadogo lazima ujilinde wenyewe. Kila mmoja aone kwamba kuuvunja leo kunamgharimu kesho.

Na kesho lazima iwepo. Mmarekani mwingine, Robert Axelrod, aliwahi kushindanisha programu za kompyuta katika mchezo wa kusaidiana au kusalitiana, raundi nyingi mfululizo. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, imetumwa na Anatol Rapoport: anza kwa wema, kisha mfanyie mwenzako alichokufanyia raundi iliyopita. Bibi zetu hawakuwa na kompyuta, wakasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ukiita bodaboda mpya kila siku kwa sababu ana nafuu ya mia tano, umejinunulia zimwi lisilokujua.

Sisemi mkataba unaponya kila kitu. Kuna mwizi, na mwizi hata umpe mkataba wa dhahabu ataiba. Huyo dawa yake ni kudhaminiwa na kijiwe, na jina lake kuandikwa. Kuna pia muuzaji mwenye nguvu atakayeandika masharti peke yake na kuyaita makubaliano. Huo si mkataba, ni tangazo. Ila naamini wezi ni wachache kuliko tunavyodhani, na watu wa kawaida waliopewa sharti baya ni wengi mno.

Dada yangu alinisikiliza huku amekunja uso. Mwisho akaandika ujumbe wa mistari minne, akamtumia kijana. Kijana akajibu baada ya dakika kumi: "Sawa dada. Lakini mvua je? Na kusubiri mwisho dakika ngapi?"

Mimi na digrii yangu sikuwa nimefikiria mvua. Wakapatana: kusubiri mwisho dakika 20, na mvua ikinyesha mzigo unalala mpaka kesho bila lawama. Mistari minne ikawa sita. Hii ni wiki ya pili sasa. Mizigo bado inarudi, na dada bado ananung'unika akitoa ile 3,000 ya mzigo uliorudi. Lakini juzi nilimkuta simuni, anamuuliza mteja kwa sauti ya hakimu: "Dada, uko nyumbani kweli, au nisimtume mtoto wa watu?"

Nawasilisha. Wauzaji, bodaboda na nyinyi wa kuzima simu, karibuni tubishane.